Mwanaume Mbele ya Karai

Ipoh, Malesia
11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Chamgei. Naomba maneno haya yakukute ukiwa na nguvu, ng'ombe wakiwa na maziwa, na mvua iwe imekumbuka Roret. Huku ni joto la kuivisha ndizi, lakini mimi ni mzima, na leo nakuandikia nikiwa nimeshiba.

Najua hilo neno la mwisho ndilo ulikuwa unalitafuta. Uliponiona kwenye simu mwezi jana ulisema nimebaki masikio, na ulisema kweli. Chakula cha huku kilikuwa kimenikataa. Mahali ninapotarajia chumvi napata sukari, na mahali ninapotarajia nyama napata kitu kinachoniangalia. Bosi alishaniambia kwamba fundi anayeyumbayumba hawezi kusimama karibu na mashine za kupakia majani chai, na nisipopata nguvu watanirudisha nyumbani.

Basi siku moja natoka kazini, nikasikia harufu ya moshi wa mkaa. Nikaifuata. Nikafika mahali penye vibanda vingi vya chakula chini ya paa moja la mabati, na mwishoni kabisa kuna mzee amevaa fulana, taulo shingoni, anakaanga tambi. Si zile nyembamba za dukani, Mama. Hizi ni pana, nyeupe, za unga wa mchele, zinateleza. Anazitupa kwenye karai kubwa jeusi, anaongeza yai, majani ya vitunguu, ndengu zilizochipua na sosi nyeusi. Mafuta usiniulize ni ya nini. Moto unaruka hadi ndani ya karai na yeye hata hashtuki. Anaitwa Mzee Leong, na watu wanasema kibanda hicho alikirithi kwa babake.

Nilipoonja, nilisimamisha uma hewani. Zile tambi zina ladha ya moshi, ule moshi mtamu wa mursik wakati kibuyu kimesuguliwa vizuri kwa mkaa kabla ya kutiwa maziwa. Nilimaliza sahani nzima.

Halafu nikafanya ulivyonifundisha: nikakaa. Kwetu mtu hali na kuinuka papo hapo kama aliyefuata chakula tu. Nikangoja mwenye chakula anisemeshe. Kumbe huku ukimaliza unaondoka, na watu wamesimama nyuma yangu na sahani zao moto mikononi! Mzee akapiga kelele. Msichana wa kibanda cha vinywaji akanitafsiria: "Anauliza kama umekufa." Nikaeleza desturi yetu. Mzee alicheka hadi taulo likaanguka, akasema niwe nakuja saa tisa, wakati hakuna wateja, nikae hadi nichoke.

Tangu hapo naenda kila nipatapo nafasi, na mashavu yameanza kurudi. Niambie na wewe unaendeleaje hapo nyumbani peke yako.

Mwanao,
Kipruto


Roret
18 Februari 2024

Kipruto mwanangu,

Mimi sijambo, ng'ombe hawajambo, ila yule mwekundu ameanza kiburi cha mateke. Mvua bado inatuzungusha. Asante kwa barua hii ya kwenye simu, maana ukinipigia hukatika ukifika kwenye utamu.

Nimesoma nikalia, nikasoma tena nikacheka. Mwanaume mzima mwenye mvi anakaanga? Hana mke? Baba yako, Mungu amlaze pema, aliingia kaburini bila kujua chumvi inakaa wapi, na hakuna aliyemlaumu. Huku kwetu mwanaume aliyetahiriwa akionekana jikoni kwa mamake, watu wanaitisha mkutano.

Lakini simcheki. Mtu aliyemlisha mwanangu ni mzazi mwenzangu. Ukifika kwake, kabla hujaketi, mpe mikono yote miwili umwambie Mama Kipruto wa Roret anamshukuru. Mwambie nilikuwa nimeanza kukuomboleza ukiwa hai. Mwambie Mungu aliyempa mikono ile asiichoshe. Usifupishe, nakujua.

Usijali juu yangu. Chai na mkate vinanitosha. Kusonga ugali wa mtu mmoja ni kumaliza kuni bure.

Ni mimi mama yako.


Ipoh
25 Februari 2024

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima na teke la yule mwekundu halijakupata. Mimi ni mzima kabisa.

Sikufupisha. Nilimsomea Mzee Leong barua yako yote, msichana wa vinywaji akitafsiri. Alizima moto kwanza. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko, halafu akajifuta macho, akasema ni moshi. Moshi gani na moto umezimwa? Alisema wateja wamemsifia tambi tangu ujana wake, lakini hakuna ambaye mamake alimtumia salamu.

Kisha akaomba nirudie pale mwisho. "Chai na mkate?" Akaniuliza: "Na mama yako, ni nani anampikia?"

Mama, kila nikikuandikia nauliza ng'ombe na mvua. Hilo sijawahi kukuuliza. Basi nauliza sasa, na nijibu ukweli: unakula?

Mwanao,
Kipruto


Ipoh
24 Machi 2024

Mama,

Sijui kama u mzima, ndiyo sababu salamu zangu leo ni fupi. Karibu mwezi hujanijibu, na nikikupigia unasema tu mtandao ni mbaya. Nimempigia jirani yako Dorcus. Amesema ukichuma chai unapeleka kikapu nusu kituo cha majani, na hata hicho kinakukalisha njiani.

Dada yangu Cheptoo anatoka Bomet kesho kukupeleka hospitali. Usimkatalie. Nakuomba.

Kipruto wako


Roret
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu. Sikukataa. Daktari amenipima kila mahali, akasema hakuna ugonjwa aliouona, ni damu imepungua kwa kutokula. Nilitaka kuingia chini ya meza kwa aibu. Nina mahindi ghalani, maziwa kibuyuni, mboga nyuma ya nyumba, na nina njaa.

Utaniuliza sababu. Tangu tumzike baba yako, nabandika sufuria, naangalia kiti chake, naepua. Nimepikia watu tangu nikiwa msichana, sikujua kwamba kujipikia mwenyewe ni kazi nyingine kabisa. Sikutaka ujue. Ulikuwa na njaa yako huko, na ya mtu mmoja ilitosha.

Mwambie yule mzee kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lake. Hata mimi sikuwahi kujiuliza.

Mama yako


Ipoh
7 Aprili 2024

Mama yangu,

Pole, na asante kwa kuniambia. Dorcus amekubali kuja jioni msonge ugali pamoja. Yeye pia ni mjane, na anasema anaongea na redio.

Likizo yangu ilikuwa ya Desemba, nimeomba iletwe Mei wakakubali. Mzee Leong ameanza kunifundisha. Sahani za kwanza zilikuwa makaa matupu, akazimwaga bila huruma. Sasa ananiacha nikaange peke yangu, yeye akinisonya tu. Nakuja na mfuko wa tambi kavu, na nitakupikia mwenyewe, jikoni kwako. Wanaotaka kuitisha mkutano waitishe.

Mwanao,
Kipruto


Roret
9 Juni 2024

Kipruto mwanangu,

Natumaini ulifika salama na Mzee Leong umemkuta na afya. Mimi naendelea vizuri kweli, si kwa mdomo tu. Kikapu kinajaa. Dorcus anakusalimu, jana aliniletea omena wa kwao ziwani, nami nimemfundisha kunywa mursik bila kukunja uso.

Ami yako Kipsang bado anahubiri habari zako njiani. Anasema amemwona mtoto wa ndugu yake amefunga leso kiunoni, anapuliza moto. Hasemi kwamba alikataa kuingia jikoni lakini akapokea sahani mbili kupitia dirishani.

Siku ile uliyonipikia nilikula tu bila kushukuru, ndiyo maana naandika. Uliniweka kwenye kiti cha baba yako. Nilipotaka kuinuka nikuoneshe chumvi, ukaniambia nitulie, umeshaiona. Ukaniwekea sahani mapajani, ukasimama pale mlangoni ukiningoja nionje. Tambi zilikuwa zinateleza, nikazila kwa mkono, na moshi ulikuwa umejaa hadi darini. Niliingia jiko hilo nikiwa bibi arusi. Nimewapikia humo wakwe, mume, watoto, waombolezaji. Siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyokula ndani yake chakula ambacho sikukipika, na mtu akaniuliza kama nimeshiba.

Nilishiba, baba. Mwambie mzazi mwenzangu nilishiba.

Ni mimi mama yako,
Rodah