Carvalhal, Jina Nililolikataa

Jumanne, 22 Oktoba 2019

Amekuja mwanamke kutoka Brazili. Anaitwa Jussara Carvalhal. Carvalhal — jina la mume wangu, Abílio. Alimkuta Abílio mgahawani, akamwonyesha pasipoti, na Abílio akaja naye nyumbani kama mtu aliyeokota dhahabu. "Leocádia, njoo umwone binamu yangu." Hata saa moja hawajajuana, tayari binamu.

Anatafuta kijiji cha huku kwetu alikotoka babu wa babu yake kuhamia Brazili. Mjane. Kama miaka hamsini, nywele nyingi. Supu yangu kala sahani mbili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wamekwenda makaburini kusoma majina. Saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Makaburi yale nayajua, hayafiki hata arobaini.

Mezani Abílio akawa profesa wa majina. Fernandes ni mwana wa Fernando. Carvalhal ni msitu wa mialoni. Aliyemfundisha ni mimi — miaka thelathini nimekaa ofisi ya usajili. "Na Leitão je?" akauliza Jussara. Hilo ndilo jina langu la ukoo. Abílio akacheka: "Kitoto cha nguruwe." Kisha akamwambia utani ule alionitongozea mwaka 1981, kwamba nguruwe mahali pake ni chini ya mwaloni, ndiko anakoshiba.

Utani ule ulikuwa wetu. Jussara alicheka mpaka akamshika mkono.

Tulipooana sikulichukua jina lake. Mama mkwe alisema Carvalhal si jina la kila mtu. Nikasema basi kaeni nalo. Miaka thelathini na saba sikujuta. Leo jioni kwa muuza mikate, Zulmira mwenye duka kamwambia yule mgeni, "Karibu, Bibi Carvalhal." Nimesimama hapohapo na mkate wangu mkononi.

Jumapili, 27 Oktoba

Wanataka niwasomee kitabu cha ubatizo cha parokia. Mwandiko wa kale, wao hawauwezi.

"Dada, wewe ndiye macho yetu," Jussara kaniambia.

Macho yetu. Nikasema macho yananiuma.

"Umeanza lini kuumwa macho?" Abílio kauliza.

"Tangu Jumanne."

Jumatatu, 28 Oktoba

Walienda kuokota njugu za msituni, zile zinazodondoka mitini, kwa shemeji yangu. Hawakuniuliza kama nataka kwenda. Nikabaki, nikawasha kompyuta, nikafungua picha za kile kitabu cha parokia.

Nimempata babu wa babu yake. Manuel, mwaka 1863. Hana baba, hana mama. Aliachwa alfajiri katika kabati la kuzunguka, lile lililojengwa ukutani kwa ajili ya watoto wasio na pa kupelekwa: mtoto anawekwa upande wa nje, linageuzwa, anapokewa ndani. Mama aliyepewa kumnyonyesha alikuwa wa kitongoji cha Carvalhal, basi padri akamwandika Carvalhal. Ndiyo hivyo tu. Damu hakuna. Jina limetoka kwa mlezi aliyelipwa, tena ni jina la mahali pake.

Nilifurahi. Naandika ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Nilijimiminia divai saa tano asubuhi.

Abílio aliporudi, anavua viatu, nikamwambia. Akakaa na kiatu kimoja mguuni. Nilingoja ahuzunike.

"Kwa hiyo si ndugu yangu kabisa?"

"Kabisa."

"Usimwambie. Maskini, katoka mbali."

Akaenda kunawa mikono. Huku anapiga mluzi. Abílio hapigi mluzi.

Mjinga ni mimi. Undugu ule ndio uliokuwa ukuta, na nimeubomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatano, 30 Oktoba

Jussara alikuwa aondoke leo. Kasogeza tiketi wiki mbili mbele. Abílio alijua tangu jana. Mimi nimesikia kwa Zulmira.

Kaja asubuhi hii bila kuitwa, na keki. Hakuketi.

"Dada Leocádia, Abílio ananiambia kitabu hakisomeki, eti wino umefutika. Lakini yeye si msomaji. Nakuuliza wewe."

Abílio alikuwa mlangoni na kuni mikononi. Akanitikisia kichwa, kidogo tu. Hapana.

"Mume nimemzika, mtoto sina," Jussara akasema. "Nataka kujua tu natoka kwa nani."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na maneno hayo yakanichoma. Nikimwambia, nampokonya babu yake. Labda atafunga mizigo. Labda pia atamtazama Abílio, aone mwanamume asiye ndugu yake. Nikinyamaza, ataendelea kula supu yangu akiitwa binamu, na siri tutaijua wawili, mimi na mume wangu. Ni mara ya kwanza tuna siri ya pamoja baada ya miaka mingi. Na siri yenyewe ni yeye.

Nikasema ngoja nifuate miwani.

Miwani ninayo hapa chumbani, ndiyo ninayoandikia haya. Wako jikoni. Siwasikii wakizungumza. Afadhali wangezungumza.

Jussara kaniita mara mbili. Abílio hajaniita.