DNS, vita, na koti yangu

Mardi, mangaribi

Vita haina kosa. Ni mi. Dimanche, siku ya kanisa, courant ya umeme ilirudia na nguvu, ile boîte, kisanduku ya kupokea na kuchunga mapicha ya internet, ikagoma, nikafinya na sindano bouton ya nyuma, ile ya kuianzisha upya. Adresse ya DNS yote ikafutika, na bila ile, boîte haijue njia ya internet.

Siku mbili hakuna picha ya Déo, shemeji yangu, toka Goma. Mama yake, mwenye kukaa kwetu, akaacha kula. Nikamuambia: "Mama, ni vita inakata réseau ya internet."

Leo nikaandika zile namba za adresse tena, kimya kimya. Mapicha ikaingia yote. Mama akalia. "Mutoto wangu, uko na akili."

Déo iko muzima. Anacheka, amevaa koti yangu ya ndoa, ile ilipotea, tunaitafuta tangu sikukuu ya Noël.

Sitasema kitu. Na mi niko na siri yangu.