Mdomo wa Dada, Sauti Yangu

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, siku filamu yetu itakapoonyeshwa ukumbini kwa mara ya kwanza. Mimi ni mwitikiaji katika bendi yetu, na mwimbaji mkuu ni dada yangu wa tumbo moja, aliyenilea tangu mama alipotutoka, na mwaka huu bendi nzima tumecheza filamu ya nyimbo na vichekesho vya kuwasuta wakubwa, vituko vitupu, mpiga ngoma wetu anapiga vitambi vya mawaziri, sisi waitikiaji tunaimba ndani ya jokofu, na dada ni malkia anayetawala juu ya kabati akiiamuru mvua ipange foleni. Sasa dada aliimba akiwa na mafua, sauti inakwaruza, na picha zilipokwisha kupigwa mwongozaji akaniita studio peke yangu akasema, "Fuatisha mdomo wake hapa na hapa, vipande viwili tu, hata yeye hatajua," nami nikaimba nikijua namsitiri dada, kumbe ikawa "na hiki," "na hiki cha mwisho," mpaka juzi fundi sauti akanionyesha filamu nzima, Shangazi, dada anafumbua mdomo natoka mimi, mwanzo mpaka mwisho! Na wimbo wenyewe unawacheka wakubwa wanaotamba kwa sauti za kuazima. Jana dada kaletewa kionjo cha filamu kwenye simu, akakitazama, akakirudia, akaniuliza, "Nimeimba vizuri, eh?" nikasema, "Sana, dada," akanitazama weee, akasema, "Jumamosi ukumbini utakaa kiti cha pembeni yangu." Mwongozaji anasema nikifungua mdomo filamu imekufa na bendi imekufa. Niseme au ninyamaze? Naogopa kumpoteza, sina mama mwingine.

Mwitikiaji wa Jokofuni

Mwanangu, pole, tena pole ya kweli, maana hukuanza kwa ubaya. Sasa kaa nikugombeze. Kipande cha kwanza ulimsitiri dada yako. Cha tano ulikuwa unamsitiri nani? Ulionja utamu wa kuimba mbele, na kuutamani si dhambi kwa mtu aliyeitikia miaka yote, lakini umekula kwenye sahani ya mwenzio naye hajanawa mikono.

Huyo mwongozaji asikutishe. Anawacheka waongo kwenye filamu, halafu anakuziba mdomo wewe. Nyani haoni kundule.

Ila nikuulize, barua yako umeisoma mwenyewe? Mtu aliyekubembeleza ukiwa mchanga, anayeijua sauti yako hata ukikohoa chumba cha pili, amekirudia kionjo kisha akakuuliza uso kwa uso. Unadhani hajui? Alikufungulia mlango upite, nawe ukamjibu, "Sana, dada." Mimi ningekuzaba kibao.

Kwa hiyo nenda leo. Usipige simu, wala usimtume fundi sauti. Mweleze yote, kisha unyamaze, hata akikutoa nje. Akitaka sauti yake irudishwe na mafua yake, simameni wawili mbele ya mwongozaji. Akitaka jina lako liandikwe, usijifanye kukataa. Lakini kile kiti cha pembeni yake usikikalie kabla hujasema.

Dada yako aliuliza swali moja tu, na bado anangoja. Nenda kalijibu.