Linux Kongwe ya Bwejuu

Jumanne, baada ya Isha

Na ijulikane kwa walio karibu na walio mbali: programu yangu imekubali kuwaka kwenye Linux kongwe, kwenye kompyuta yangu nyumbani.

Nimeijenga upya juu ya mfumo mkongwe vilevile, maana ile niliyoijenga kwenye mpya, kompyuta ya ushirika wa mwani Bwejuu iliikataa. Kubadilisha mfumo, mwenyekiti wao, Bi Mwanakombo, hataki. "Mgeni hamfukuzi mwenyeji," kasema. Ikigoma leo, kazi anapewa mpwawe.

Nimefika, nimeamkia, nimefunua kanga iliyoifunika kompyuta. Nimebonyeza. Kimya.

"Bi Mwanakombo, mbona haiwaki?"

"Itawakaje, mwanangu? Waya wake tumeutia kwenye jiko la wali. Ngoja uive."

Tukangoja. Umeme ukakatika. Sijui kama mgomo huo nao nitahesabiwa mimi.

Wali haukuiva.