Skuta ya Shemeji Yako Mlimani

Shoga, sina mbavu. Shemeji yako kakwama mlimani na skuta yake ya umeme!

Si jana tu, mezani, alimwambia mama yangu kwamba pikipiki yake ya mafuta inanuka kama mwenyewe? Mama yangu mimi! Akaendelea: skuta haina moshi, haina kelele, haina usumbufu.

Leo chaji imemwishia katikati ya mlima. Anaisukuma, shati limemganda mgongoni. Mama akatokea na pikipiki yake, akapunguza mwendo, jamaa akadhani anasaidiwa. Akatabasamu kabisa!

"Baba, kweli haina kelele," mama akamwambia, kisha akamwachia moshi wote usoni.

Mimi nilikuwa nyuma, nimemshika mama kiuno. Sikugeuka.

Na chaja niliichomoa mimi, jana ileile, yeye akiwa bado anatuhubiria.