Sura ya Tisa na Ndoa ya Zuhura

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka kabla ya adhana, nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Saa kumi na mbili kamili nimepanda pikipiki kwenda kituo cha maji. Pampu ya pili inatetemeka, nimebadilisha beringi. Nimerudi nyumbani Mitwero jioni, nimechoka. Mke wangu ameuliza mke mwenzake ameshindaje. Ndivyo anavyoiita riwaya yangu, mwaka wa kumi na tano sasa. Zamani alikuwa akicheka anaposema hivyo.

Binti yetu Zuhura ndiye anayeichapa. Ana duka la kuchapa na kutoa nakala pale Mingoyo. Nimempa madaftari yote saba. Mchapishaji anautaka mswada mwisho wa mwezi.

Jumatano, 6 Agosti

Zuhura amefika sura ya saba. Amepiga simu kusema kwamba baba wa kwenye riwaya anafanana nami, ila huyo anacheka. Nimefurahi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Zuhura hakupiga simu jana wala leo. Baada ya swala ya Ijumaa nimempigia mimi. Ameniamkia, nimeitikia. Amesema ana wateja. Sauti haikuwa yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mumewe amerudisha madaftari yakiwa yamefungwa kwa kamba. Hakuingia ndani. Sura nane zimechapwa. Ya tisa haikuguswa, isipokuwa mstari wa penseli chini ya maneno yangu ya mwisho.

Nimeyasoma maneno hayo.

Sura ya tisa ni harusi. Baba anaingia msikitini, anashika mkono wa bwana harusi, anamwoza binti yake kwa kinywa chake. Mimi sikufanya hivyo. Siku ya ndoa ya Zuhura, miaka minne iliyopita, nilipiga simu kwamba pampu imeharibika na mji hauna maji. Mdogo wangu Hamisi akawa wakili wangu, akamwoza. Watu walinihurumia. Zuhura alinihurumia zaidi.

Lakini mimi ni fundi. Miaka thelathini nimezoea kufunga kila kazi kwa tarehe, saa na hali ya mtambo. Daftari la zamu, daftari la riwaya. Mkono ni uleule. Chini ya sura hiyo niliandika tarehe ya ndoa yake. Saa nne na nusu asubuhi. Pampu zote salama.

Nilikuwa chumba cha mitambo, naandika harusi ya kubuni. Ya kweli ilikuwa inafungwa mwendo wa dakika ishirini tu kutoka pale.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha.

"Nilijua, Baba Zuhura. Aliyetengeneza pampu hurudi na grisi mikononi. Wewe ulirudi na wino."

Miaka minne ameninyamazia. Sikustahili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepita kwa Hamisi. Hakunilaumu. Amesema tu kwamba kabla yeye hajashika mkono wa bwana harusi, Zuhura alituma mtu mara tatu kutoka nyumbani kuuliza kama nimefika. Afadhali angenitukana.

Mchapishaji amepiga simu. Sikupokea.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda Mingoyo. Nimemkuta nyumbani kwake anapepeta mchele. Nimesema yote: hapakuwa na hitilafu, nilidanganya, nilitaka sura iishe. Sababu nyingine sikuongeza.

Ungo umeendelea kidogo, kisha umesimama.

"Nilikuwa nawaambia watu, baba yangu aliupa mji maji siku ya ndoa yangu. Nikijivuna."



Ameninawisha mikono, amenipakulia wali na samaki. Ameuliza habari za mama yake. Adabu yake haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikiondoka kwake, siku zote hunisindikiza hadi njia panda, na hapo tunasimama tena kwa maongezi mengine. Leo ameishia mlangoni.

"Fika salama, baba."

Nimetembea polepole. Njia panda nimesimama kidogo, kisha nimevuka.