Yule mwenye alirudi

Alhamisi, mtaani Kasuku

Bado sijachagua, na Mama njo ananichelewesha. Wiki nzima nalinganisha makampuni mawili ya kununulia hisa kwa simu. Ya kwanza haikati komisio, na inauza hata opsheni: unalipa kidogo leo, unapata haki ya kununua hisa kesho kwa bei ya leo. Ya pili inakata kila mara.

Asubuhi Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaniuliza: "Feza ikipotea, nani atakuja kukuambia?"

Nilikasirika. Lakini akiba yangu ya kushona nguo njo hii tu, na naogopa. Nikaandikia zote mbili swali lile lile la Mama. Ya kwanza, kimya mpaka sasa. Kwa ile ya pili mutu alinijibu, akakubali kwamba mitambo yao iliwahi kusimama siku nzima na wateja wakapata hasara.

Nilipomusomea Mama jibu lile, akacheka, akanisimulia. Wakati wa vita, treni haipiti tena, aliwapa wanaume wawili mafuta ya ngazi, yaani mawese, wasukume kwa baiskeli mpaka Lubutu wakauze. Wote wawili walinyang'anywa njiani. Mumoja hakuonekana tena. Mwingine alirudi na baiskeli tupu, akasimama mulangoni, akaeleza yote.

"Ukamufanya nini, Mama?"

"Nikamupa chakula. Njo baba yako."

Baba alikuwa pale inje, anapiga tairi pompi. Akajifanya hasikii.